Umepiga dawa mara nne na funza bado wapo: tuijaribu kwanza kabla hatujaiita feki

Kijana mmoja mkulima wa Igunga, upande wa Manonga, kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha hivi: "Shikamoo mama. Mwaka jana nililima ekari tatu za pamba nikapiga ekapaki, ile dawa ya kipimo cha ekari moja, ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, mara nne, funza wakabaki wananichekea tu. Nikanunua dawa nyingine dukani, nayo yale yale. Jirani yangu anapiga maji ya mwarobaini na anajisifu kila siku. Mwaka huu ninazo zote tatu, nataka nizijaribu nijue ipi inaua na ipi ni feki. Nifanyaje ili nisidanganyike?"

Marahaba mwanangu, pole na hasara ya mwaka jana. Umemalizia na neno zuri sana hapo, nisidanganyike, maana kwenye dawa za pamba anayetudanganya zaidi sio mwenye duka, ni macho yetu wenyewe. Mi nimekaa kwenye majaribio ya viuadudu vya pamba miaka mingi, nimehesabu mayai ya funza mpaka nikifumba macho nayaona, na bado ukinipeleka leo kwenye shamba lililopigwa juzi ukaniuliza mama hii dawa imefanya kazi, siwezi kukujibu kama pembeni hapo hakuna kipande ambacho hakijapigwa.

Hilo ndo la kwanza na karibu ndo la mwisho. Mwaka jana ulipiga ekari zote tatu si ndio? Basi hujui kama dawa haikuua. Unachojua ni kwamba baada ya kupiga ulikuta funza, labda usingepiga ungekuta mara tatu ya hao. Na jirani yako naye hajui kama mwarobaini wake umeua, labda ile mvua kubwa ndo ilikung'uta mayai na vifunza vichanga vikaishia kwenye tope, labda sungusungu na buibui walimsaidia bure, yeye akampa sifa mwarobaini.

Hebu ona. Tuseme kabla ya kupiga ulihesabu funza 20 kwenye mimea yako, siku ya tatu ukakuta 8. Utafurahi, utasema dawa kiboko. Sasa tuseme pale ulipopiga maji matupu nako walikuwa 20, ila wamebaki 10. Kumbe dawa yako kazi yake ni hao wawili tu kati ya kumi, asilimia 20, wengine wamekufa na mvua. Bila kile kipande cha maji ungeenda kuwashauri watu wa AMCOS yako wote wanunue dawa ya asilimia 20.

Najua inauma. Mkulima kuacha kipande bila dawa anaona kama anafuga mwizi ndani, wengi nikiwaambia wanaitikia ndio mama ndio mama halafu usiku wanaenda kukipiga kimyakimya. Usifanye hivyo. Ni kidogo tu, nitakuonyesha ukubwa wake.

Ila kabla ya ploti, yani vile vipande vya majaribio shambani, nataka ufanye kitu kimoja chepesi nyumbani, maana umeshamhukumu mmoja na washitakiwa wapo watatu: dawa yenyewe, mdudu mwenyewe, na mpigaji. Dawa inaweza kuwa feki kweli au imekaa juani dukani mpaka imechoka. Mdudu anaweza kuwa na usugu, huyu funza wa vitumba sifa yake dunia nzima ni hiyo, Australia aliwashinda kwenye dawa za jamii ya pairethroidi (zile ambazo jina la kiungo linaishia na -thrin, sipamethrini, lamda sihalothrini na ndugu zao) toka 1983, Afrika Magharibi nako miaka ya 1990 mwishoni yakawakuta. Na mpigaji ni wewe, usinikasirikie, tutafika kwako.

Fanya hivi. Asubuhi mapema nenda shamba la pamba, chagua funza wadogo, wadogo yani wasiozidi punje ya mchele, wakubwa waache maana funza akishanenepa hata dawa nzima haimwezi. Chukua 40. Kila mmoja muweke kwenye kikombe chake peke yake, usiwachanganye, hawa wanakulana wao kwa wao, utaweka kumi utakuta watatu walioshiba. Chuma majani machanga ya pamba ambayo hayajapigwa kitu. Changanya kila dawa kwa kipimo kile kile cha shambani, kwa mfano kama lebo inasema mililita 200 kwa ekari na wewe unatumia maji lita 80 kwa ekari basi hiyo ni mililita 2 na nusu kwa lita moja ya maji, pima kwa sirinji ya duka la dawa sio kwa kizibo. Vaa glavu, tumbukiza jani, litoe, liache likauke kivulini, weka jani moja kwenye kila kikombe, funika na kipande cha chandarua kikuukuu. Funza kumi dawa ya AMCOS, kumi ya dukani, kumi mwarobaini, kumi jani la maji tu. Angalia kesho yake, keshokutwa, na siku ya nne. Anayeguswa na njiti asijigeuze mhesabu amekufa. Kama wa maji nao wamekufa zaidi ya wawili, jaribio limeharibika, anza upya, labda vikombe vilikuwa na sabuni au uliviweka juani. Na vikombe hivyo ukimaliza uvitoboe uvitupe, visirudi jikoni.

Usitoe hukumu siku ya kwanza. Pairethroidi ikiwa nzima inaangusha haraka, unamuona anajinyonganyonga mchana huohuo. Ila kama dawa yako ina imamektini, funza anaacha kula mapema lakini kufa kabisa inaweza kuchukua siku mbili mpaka nne, kwaiyo angalia jani pia, jani zima lisilo na tundu na funza bado anatikisika hiyo ni habari njema. Mwarobaini ndo mpole zaidi, unamkatisha hamu ya kula na unamvuruga wakati wa kujivua ngozi, ukiupima kwa kasi ya kuua utauonea.

Sasa matokeo yake yanasema hivi. Wakifa kwenye vikombe lakini shambani hawafi, dawa ni nzima na mdudu ni wa kawaida, mshitakiwa ni upigaji. Wasipokufa kwenye vikombe ni dawa au usugu, hapo tafuta chupa nyingine ya dawa hiyohiyo ila namba ya toleo tofauti, toka sehemu nyingine, rudia. Chupa ya pili ikiua basi ya kwanza ilikuwa na shida, usiitupe, ipeleke na risiti kwa afisa ugani ili ifike kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu pale Arusha, ndo wenye maabara ya kupima kilichomo. Zote mbili zisipoua anza kuwaza usugu, na hapo kuongeza dozi sio dawa ya usugu, ni kuupalilia, unabadilisha jamii ya kiungo.

Mi nikibashiri kwa niliyoyaona kanda yote hii ya pamba, mara nyingi jibu ni upigaji. Hapa nikae kidogo.

Kwanza maji. Upande wenu wa mbuga watu wanachota kwenye lambo, maji rangi ya chai ya maziwa. Pairethroidi zinapenda sana kujishika kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi, ikishashika pale haimfikii funza, unapulizia tope lenye dawa iliyofungwa. Kuchuja na kitambaa hakutoshi, zile chembe zinapita. Maji ya kisima, au ya lambo yaliyotulia kwenye pipa usiku kucha ukachota ya juu taratibu.

Pili ekari. Ekapaki moja ni ya ekari moja, hatua 70 kwa 70, sasa kuna watu wana "ekari" ambayo ukiipima ni moja na nusu, na kuna wanaoigawa chupa moja kwa ekari mbili makusudi ili iende mbali, hapo unampa funza kipimo cha kumzoesha, anayebaki ndo mzazi wa wale wa mwakani.

Tatu nozeli, kile kichwa cha bomba kinachotoa ukungu wa dawa. Ikiziba watu wanaizibua na msumari, tundu linapanuka, badala ya ukungu inatoka mikojo, matone makubwa yanateleza yanaanguka chini. Weka maji matupu kwenye bomba na bluu kidogo ya kufulia, bandika vipande vya karatasi nyeupe juu ya majani, chini ya majani na ndani kwenye vitumba, pita ukipiga kama kawaida yako halafu kavichukue vile vikaratasi. Wengi wakiona karatasi ya chini ya jani iko nyeupe peee wananyamaza. Na wadudu mafuta (vidukari) wanakaa hapohapo chini ya jani.

Nne, na hii kubwa kuliko zote, muda. Yai la funza ni kama kishanga cheupe kidogo kuliko punje ya ulezi, lina vimistari, limetagwa mojamoja kwenye machipukizi na majani machanga ya juu. Kwenye joto lenu linaanguliwa kama siku tatu. Kifunza kinatembea juu ya jani kwa siku chache tu, kinaparuaparua, halafu kinatoboa kitumba kinaingia. Zile siku chache ndo dirisha lako. Ukingoja mpaka uone vitumba vimefunguka majani yake ya nje vikawa vya njano na kuanguka chini, umechelewa, unampulizia mtu aliyeshajifungia ndani na komeo. Funza wa pinki (pink bollworm) ndo mbaya zaidi hapo, akianguliwa tu anaingia ndani ya tunda na humuoni mpaka ulipasue, dawa ya kumwaga juu haimfikii, huyo tunamdhibiti kwa kung'oa na kuchoma miti ya pamba msimu ukiisha asipate pa kulala.

Ndo maana mi sio shabiki wa kupiga kwa kalenda, eti kila baada ya siku 14 upige hata kama hujaona mdudu. Wenzetu wa Zimbabwe toka miaka ya 1960 wanakagua mimea 24 kwa kuzunguka shamba, wakikuta mayai 12 ya funza, yani nusu yai kwa kila mmea, ndo wanapiga. Kuna ubao una matundu, unahamisha kijiti kila ukiona yai, hata asiyejua kuandika anakagua. Ukitaka mmoja mtafute fundi seremala, saa moja tu anakutobolea.

Haya twende shambani sasa. Una vitu vitatu na cha nne ni maji, viite A ya AMCOS, B ya dukani, C mwarobaini, D maji. Kila kimoja kirudie mara nne, ploti 16. Ploti moja mita 10 kwa 10, zote 16 ni mita za mraba 1,600, haifiki nusu ekari. Na kati ya hizo za maji ni nne tu, mita 400, kama sehemu ya kumi ya ekari. Huyo ndo mwizi unayemfuga, ana hatua 22 kwa 22 tu.

Kwanini mara nne? Kwasababu shamba sio sawa, na wewe wa Igunga unalijua hilo kuliko mimi. Juu kuna luseni, ule mchanga mwepesi, ukishuka udongo unabadilika, chini kabisa mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Pamba ya mbugani ni nene na ya kijani sana na mdudu anaipenda, ya juu imenyong'onyea. Ukiweka dawa ya AMCOS yote mbugani na ya dukani yote juu halafu ukalinganisha, umelinganisha udongo, sio dawa. Kwaiyo gawa shamba mikanda minne kufuata mteremko, mkanda wa kwanza juu kabisa, wa nne chini kabisa, kila mkanda uwe na ploti nne na ndani yake A, B, C na D zote ziwepo. Nani akae wapi ndani ya mkanda usichague wewe, chukua vizibo vinne vya soda andika herufi, weka kwenye kofia, mwite mtoto achomoe kimojakimoja. Ukifika mkanda wa pili chomoeni upya, usirudie mpangilio ule ule. Hii ndo namna wanavyofanya hata kwenye kituo cha utafiti cha Ukiriguru kule Misungwi zinakotoka mbegu zetu za pamba zenye jina la UK, hakuna uchawi zaidi ya huo.

Weka njia ya mita mbili kati ya ploti na ploti. Alama usitumie vijiti vya mti vikavu, mchwa watavila kabla hujavuna na utabaki unabishana na mkeo ploti ya saba ilikuwa ipi, tumia vipande vya nondo au vyuma chakavu. Andika namba 1 mpaka 16 tu, herufi ibaki kwenye daftari nyumbani. Sababu ni kwamba anayehesabu asijue ploti ina nini. Mtu akijua hii ni dawa ya bei kubwa macho yanampitisha juu ya funza watatu hivihivi, sio kwamba ni mwongo, ndo binadamu.

Kila ploti ni sehemu ya 40 ya ekari (tunahesabu ekari mita 4,000 ili tusisumbuke), kwaiyo dawa ya mililita 200 kwa ekari ni mililita 5 kwa ploti, kwenye maji lita 2. Kabla ya hapo pima mwendo wako: weka lita 5 za maji matupu kwenye bomba, piga ploti moja kwa mwendo wako wa kawaida, mimina yaliyobaki upime. Yakibaki 3 upo sawa sawa. Yakibaki 1 unatembea kama maarusi, ongeza mwendo. D nayo ipigwe maji lita 2 kwa bomba, isiachwe tu, maana maji yenyewe yanaangusha wadudu mafuta wengine na tunataka tofauti iwe ni dawa peke yake.

Bomba lako usiazime kwa mtu mwenye mahindi. Kama lilipigia dawa ya magugu ya tu-foo-dii, mabaki kidogo tu yanaikunja pamba majani yake yanachanwachanwa kama vidole, na hiyo ukiiona utadhani ni ugonjwa. Anza kupiga D ya maji, kisha mwarobaini, ndo zile mbili, na kati ya dawa na dawa suuza mara tatu pamoja na mpira na nozeli, maji ya kusuuzia yasielekee kisimani wala lamboni.

Na upepo. Nikupe aibu yangu. Jaribio la kwanza kabisa nililosimamia mwenyewe nilichelewa kufika na ndoo ya vipimio, tukaanza kupiga saa nne asubuhi upepo umeshaamka. Siku ya tatu tukahesabu, ploti za maji zina wadudu wachache karibu sawa na za dawa. Tukahangaika, tukasema labda mvua, labda dawa zote ni mbovu. Siku ya tano nikainama kwenye ploti moja ya maji nikaona kangambili, wale wadudu wekundu wa pamba, wamekufa chini ya mashina, wamelala chali, upande mmoja tu wa ploti, ule wa upepo unakotoka, upande wa pili wazima wanapandana kama kawaida yao. Dawa ilikuwa imepeperuka toka kwa jirani. Msimu mzima wa kazi ukaishia hapo kwa sababu ya masaa mawili. Ndo maana nakwambia hesabu mistari ya katikati tu, ya pembeni miwili kila upande iache ilinde, na bado usipige upepo ukiwepo.

Mi ningekushauri upige jioni, saa kumi na moja kwenda juu upepo ukishatulia. Kuna sababu nyingine ya jioni, nyie ni watu wa Tabora, mizinga imetundikwa kila mahali, na nyuki wanaingia kwenye ua la pamba mchana. Jioni wameshaenda kwao. Waambie pia wenye mizinga ya karibu siku mnayopiga.

Kuhesabu: siku moja kabla ya kupiga, halafu siku ya 3, ya 7 na ya 14 baada ya kupiga. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi, jua likishakuwa kali wadudu wanajificha. Mimea 10 kila ploti, usiichague kwa macho kwasababu jicho linavutwa na mmea wenye matatizo, tembea hatua tatu shika uliopo mkononi, tatu tena shika. Kila mmea angalia chipukizi la juu, majani matano ya juu chini na juu yake, kisha kila kitumba. Andika mayai, funza wadogo, funza wakubwa, vitumba vilivyotobolewa. Wadudu mafuta usihesabu mmojammoja utapagawa, wape alama tu, 0 hamna, 1 wachache, 2 jani limejaa, 3 jani linang'aa utomvu na kunata. Na tafadhali weka safu ya marafiki: dudukobe, buibui, sungusungu. Maana kuna dawa inaua funza vizuri sana na inaua walinzi wote, wiki mbili baadaye wadudu mafuta na utitiri mwekundu wanalipuka na unalazimika kununua dawa ya pili, huo ni ushindi gani sasa.

Hesabu yake nyepesi. Mmarekani mmoja, W. S. Abbott, 1925 aliandika kanuni ambayo mpaka leo tunaitumia: wadudu wa ploti za maji toa wadudu wa ploti za dawa, gawa kwa wa maji, zidisha 100. Maji 24, dawa 6, ni 18 gawa kwa 24, asilimia 75. Ila hiyo inafaa kama mlianza sawa. Kama kabla ya kupiga ploti za dawa zilikuwa na 30 na za maji 20, unaionea dawa, imepewa mzigo mkubwa. Hapo tunatumia ya Henderson na Tilton ya 1955. Tuseme dawa ilitoka 30 ikaja 9, maji yalitoka 20 yakafika 24. Zidisha 9 kwa 20, ni 180. Zidisha 30 kwa 24, ni 720. Gawa 180 kwa 720 ni robo, robo ndo waliopona, dawa imeua asilimia 75. Kwa Abbott ungepata 62 na nusu. Unaona tofauti, dawa ile ile.

Halafu angalia mikanda minne mmojammoja. Kama A imeishinda B kwenye yote minne una kitu mkononi. Kama imeshinda miwili ikashindwa miwili, usitangaze mshindi, hata kama wastani wake uko juu kidogo.

Lakini hukumu yenyewe ni mavuno, mwanangu. Pamba kwa asili yake inadondosha zaidi ya nusu ya vitumba vyake hata bila mdudu, na ukiipoteza michache mapema inafidia, kwaiyo vitumba vilivyotobolewa mwezi wa pili sio lazima viwe kilo zilizopotea mwezi wa sita. Vuna mistari ya katikati ya kila ploti kwenye mfuko wake wenye namba, pima pamba safi peke yake na pamba fifi, ile iliyochafuka, peke yake, maana kangambili hapunguzi sana uzito ila anachafua nyuzi na kukushusha daraja. Zidisha 40 ukitaka makadirio ya ekari kama umevuna ploti nzima, ukivuna mistari michache piga kwa eneo lake. Toa bei ya dawa na vibarua. Inaweza kutokea mwarobaini umeua nusu tu lakini pesa inayobaki mfukoni inalingana na dawa ya dukani, na inaweza kutokea umekupa kilo zilezile za maji. Zote mbili nimeshaziona, ndo maana sikupi jibu kabla hujapima.

Jaribu dawa zilizosajiliwa tu na lebo imeandikwa pamba. Kichupa kisicho na lebo, au cha unga uliofungwa kwenye nailoni, hicho sio cha kujaribu, dawa mpya inajaribiwa na wenye kibali chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Na mavazi ya mikono mirefu, buti, barakoa, usile mahindi ya kuchoma shambani na mikono ile. Chupa suuza mara tatu utoboe, isirudi nyumbani kuwekewa mafuta ya taa.

La mwisho, kwenye ujumbe wako uliniuliza pia kama uongeze sabuni ya unga ili dawa "ishike". Hapana. Sabuni ya unga inayafanya maji kuwa na magadi, na baadhi ya dawa zikikaa kwenye maji ya hivyo zinavunjika na kupoteza nguvu. Kwenye C ya mwarobaini tone la sabuni ya kipande sina ugomvi nalo, ila uliweke pia kwenye D, la sivyo tutakuwa tunajaribu sabuni. Pamba yako kama ina wiki ya nane sasa maua ya kwanza yanakuja, kwaiyo anza kukagua mayai kuanzia kesho, vizibo vya soda unavyo, na picha ya ukurasa wa siku ya tatu nitumie hata kama mwandiko mbaya.